Mteja wa Saa Saba Mchana

Gauni la kwanza lilirudi Jumatatu, mikono imezidi urefu kwa vidole vinne. Bi Mkubwa, mwenye karakana ya ushonaji, aliomba radhi, akaikunja mwenyewe, yakaisha. Jumatano zikarudi sare tatu za wauguzi, na Ijumaa koti la mwalimu mmoja mnene, lililombana tumboni huku likimfunika viganja.

Alipozitandaza zote kwenye meza ya kukatia, moja juu ya nyingine, akazilinganisha. Wenye nguo zile hawakufanana hata chembe. Mmoja mfupi, mmoja mnene, mmoja kama fito. Lakini nguo zilikuwa zikielekea kufanana. Ni kama zote zimeanza kumkaa mtu mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye mikono ya kugusa magoti.

Aliyekata nguo zote pale alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Washonaji walimwita Mkasi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Tangu mume afariki, miaka minne nyuma, mawifi hawa waliishi kwa tabasamu za juu ya meno. Kila mmoja aliamini mwenzake anangoja siku ya kumtoa pale.

Bi Mkubwa hakuuliza kitu. Alianza kuangalia. Siku tatu alimtazama Mkasi akikata, na mara zote mkasi ulifuata sawasawa karatasi ya vipimo iliyotoka kwenye kompyuta. Basi kosa lilikuwa kwenye karatasi. Akaingiza vipimo vya mteja mmoja kwa mkono wake mwenyewe, kifua sentimita tisini na mbili. Kesho yake akakuta tisini na moja, na mkono umeongezeka. Kuna mtu aliyekuwa akivichezea kutoka ndani.

Hifadhidata ya kompyuta ile, iliyotunza vipimo vya wateja wote, aliitengeneza marehemu mwenyewe. Alijifunza kwa kuungaunga, wala hakuacha mstari mmoja wa maelezo. Ndiyo maana Bi Mkubwa akamtafuta mwanamke mmoja ambaye riziki yake ilikuwa hiyo hiyo: kufungua hifadhidata za zamani walizoziacha wengine na kueleza kilichomo. Washonaji waliambiwa kwamba amekuja kurekebisha printa. Mkasi hakudanganyika. Alisema aliyeletwa kupekua na apekue, na kuanzia siku hiyo mgeni akaitwa Mpekuzi.

Mpekuzi alimweleza Bi Mkubwa kwamba programu yake haibadilishi kitu. Inapita kama karani mwenye daftari, inaandika kila jedwali na kila amri iliyofichwa, nani aliiweka na lini, na mwisho inachora mishale kuonyesha kipi kimeegemea kipi. Ripoti ilitoka kurasa sitini. Mpaka ukurasa wa arobaini hakukuwa na ajabu yoyote. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na jedwali lisilo na jina, lenye mtu mmoja tu ndani. Urefu, mia mbili thelathini na moja. Mkono, mia moja na ishirini. Shingo, sifuri.

Chini yake kulikuwa na amri inayoamka kila fomu ya vipimo inapofunguliwa, ikivuta kipimo cha kila mteja kidogo kidogo kuelekea vipimo vya yule mmoja. Aliyeliunda jedwali alikuwa marehemu, wiki moja kabla ya kufa. Lilibadilishwa mara ya mwisho siku ile ile ripoti ilipotoka, saa saba na dakika kumi mchana.

Bi Mkubwa aliguna. Saa saba watu wote hutoka kwenda kula. Abakiye ni Mkasi peke yake, na kila siku husema kichwa kinamuuma.

Kesho yake wakamtega. Ilipofika saa saba Bi Mkubwa alimshika Mkasi mkono mbele ya watu, akamwambia leo wanakula pamoja, hakuna cha kichwa. Mkasi alikataa, akabembeleza, mwisho akatoka akigeukageuka nyuma. Mpekuzi alibaki chumba cha ndani na kompyuta.

Jua lilikuwa kali, dirisha wazi, barabarani watu wanapita. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha ikaja harufu, ya nywele zilizoguswa na pasi ya moto. Mpekuzi akadhani pasi imesahauliwa, akatazama, zote zilikuwa zimechomolewa. Akasikia kitu kidogo cha chuma kikigonga sakafu, ti, ti, ti, kama ncha ya futi ya kupimia inayoburutwa, na alipokaza macho mlangoni hakuona mtu ila aliona pazia limejaa umbo kama lijaavyo upepo, na upepo haukuwapo, na sauti ile ya chuma ikaja hadi nyuma ya kiti chake ikanyamaza, na kitu baridi, chembamba, kikapita bega hadi bega, taratibu, kwa ustadi wa fundi, kikashuka kifuani, kikazunguka kiuno, kikapanda tena mpaka shingoni kikatulia hapo muda mrefu kuliko kinavyopaswa kutulia kipimo cha shingo.

Kisha kikaachia. Kwenye skrini jedwali la wateja lilikuwa limeongezeka mstari. Jina, Mpekuzi. Bega, thelathini na tisa. Kiuno, sabini na nne. Alichukua futi mezani, akajipima. Vipimo havikupungua wala kuzidi.

Waliporudi walimkuta amesimama uani juani. Alieleza kwa sauti ya chini. Bi Mkubwa alimgeukia wifi yake, akitaka kujua ni uchawi gani huo aliouleta. Mkasi hakupandisha sauti.

"Wifi, kaa chini. Nilimwahidi kaka sitakwambia."

Akasimulia. Kaka yake, akiwa amelala kitandani na homa iliyomuua, alimweleza kwamba mteja mmoja alimjia mchana, karakana ikiwa tupu, akasimama mlangoni jua likiwa nyuma yake, akataka joho. Fundi ni fundi, mkono ulitangulia akili. Alipima bega, akapima mkono, akashangaa unavyoendelea. Alipopitisha futi shingoni, futi ilijifunga yenyewe kwa yenyewe, haikushika kitu.

"Sasa wewe ulikuwa unabaki kufanya nini?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Kumjibu. Kila siku saa saba anakuja kuuliza joho lake. Namwambia bado, rudi kesho. Miaka minne namwambia hivyo, na alikuwa ananielewa. Hii miezi miwili ndiyo haelewi tena."

Bi Mkubwa akakaa. Miezi miwili nyuma alikuwa amesafisha kompyuta, akakuta oda za zamani ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua, akazifuta zote kwa mkupuo. Hakusoma hata jina moja.

"Oda yake niliifuta mimi," alisema.

Mpekuzi aliuliza kwa nini basi hawakumshonea tangu mwanzo, yaishe. Mkasi alisema kaka yake alikuwa amemwonya kwamba yule hatafuti joho la kujipamba. Hana umbo la kupita mbele za watu. Akishavaa, ataweza kutembea barabarani kama mtu yeyote.

Mpekuzi aliona njia iliyobaki ni kulifuta jedwali lile. Wakaingia ndani wote watatu. Washonaji wanne walikuwa wamesharudi kwenye cherehani zao, na karakana ilikuwa imejaa mlio wa kawaida. Aliuchagua ule mstari mmoja, akabonyeza kufuta. Kompyuta ikamjibu kwa kisanduku: ukimfuta huyu, wote waliounganishwa naye watafutika pia. Ndiyo, au hapana.

Akafungua ukurasa wa mishale, ambao jana hakuutazama vizuri. Kila mteja aliyewahi kupimwa pale alikuwa na mshale unaokwenda kwa yule mmoja, watu elfu mbili na kitu, maharusi, wauguzi, watoto wa shule, washonaji wenyewe, Mkasi, Bi Mkubwa, na mwisho kabisa yeye. Na wakati kile kisanduku bado kiko wazi kikingoja jibu, cherehani moja ilinyamaza, ikanyamaza ya pili, na ya tatu, na ya nne, na kwa mlango ulio wazi waliwaona wale wanawake wameshika shingo zao, midomo imefunguka, hawatoi sauti, na Bi Mkubwa akapeleka mkono kooni mwake akitafuta kitu cha kukivuta asikipate, na Mpekuzi naye pumzi ikawa nyembamba kama uzi, macho yakaingia giza, kidole kikapapasa, kikatafuta, kikabonyeza hapana.

Hewa ikarudi. Mshonaji mmoja alianza kulia kimya kimya.

Walimwita mwanamke anayesifika kwa kutoa majini. Alifika akaishia kizingitini, akanusa, hakuvuka.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Alikaribishwa, akapimwa, akaahidiwa. Siwezi kumfukuza mtu aliyewekewa ahadi. Mteja huondoka akipata chake."

Basi wakashona. Mkasi alikata kitambaa cheusi, Bi Mkubwa akakaa kwenye cherehani ya marehemu, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mawifi walifanya kazi bega kwa bega, wakiombana pini na chaki. Bi Mkubwa alisema, bila kuinua macho, kwamba alimfikiria vibaya. Mkasi akajibu kwamba naye pia hakuwa amemfikiria vizuri. Walipofika kwenye kola, tundu la shingo walilishona likafungika, maana kipimo chake kilikuwa sifuri.

Saa saba walilitandika joho mezani, wakatoka na wafanyakazi wote, wakasimama ng'ambo ya barabara. Mpekuzi alikodoa macho mlangoni bila kupepesa. Barabara ilikuwa na watu wengi, na kwa kitambo wapita njia wote walionekana wamevaa giza kwa sababu ya jua. Waliporudi, meza ilikuwa tupu. Mpekuzi aliendesha programu yake. Jedwali halikuwa na mtu, mishale yote imekatika. Bi Mkubwa akapima kifua cha mshonaji mmoja, akaingiza, wakangoja. Namba haikusogea.

Walilala usingizi usiku ule, wote.

Asubuhi Mpekuzi alikuja kuchukua vitu vyake na kuandika ripoti ya mwisho. Kurasa zilitoka moja moja. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja alisimama, akawaita mawifi kwa mkono.

Jedwali lile lilikuwa na watu tisa. Wote shingo sifuri. Sita walikuwa warefu. Mishale ilikuwa imerudi, mingi kuliko jana.

Bi Mkubwa aliisoma karatasi mara mbili, akaishusha. Miaka ishirini ya kazi ilimfundisha kwamba mteja aliyeridhika haji tena peke yake. Mkasi alivuta kitambaa cheusi kilichobaki, akakitandaza, akashika chaki.

"Nisomee wale watatu wa mwisho, wifi," alisema. "Nguo za watoto huchukua kitambaa kidogo."