Greda Lisilohesabiwa

Kwaruuu! Chuma kilikwaruza barafu nje, kisha kikanyamaza.

Kaarina Palmroos alikuwa bado kitandani ghorofani, macho ameyafumba. Baada ya muda akasikia kishindo. Kikafuata cha pili na cha tatu, vizito, kama vya mtu anayevunja barafu kwa mtaimbo. Akajua ni mumewe, anasafisha ngazi kabla ya kwenda kazini. Akavuta blanketi, akalala tena.

Aliposhuka kutengeneza kahawa, alimkuta Henrik amelala kifudifudi ukumbini, karibu na mlango. Fuvu lilikuwa limepasuka. Damu ilikuwa imerukia ukutani hadi kwenye makoti yaliyotundikwa. Mtaimbo wa barafu ulikuwa umetupwa juu ya mgongo wake.

Inspekta Saimi Lehtovaara wa idara ya upelelezi alipofika, alivua viatu mlangoni na kuvaa vifuniko vya plastiki miguuni. Mkuu wake, Holmström, alikuwa ameshatangulia, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Kazi imeisha, Saimi," alisema. "Mfumo umetumalizia."

Hakuna mtu mjini Harmaaranta ambaye hakuujua huo mfumo, na Henrik Palmroos ndiye mhandisi aliyeubuni. Kila nguzo ya taa ilipewa jicho. Macho hayo yalihesabu wapitao, na kwa hesabu hiyo mji uliamua taa zipi ziwake, mapipa yapi yazolewe, na magreda yasafishe theluji ya barabara gani.

"Nguzo ya hapa nje haikuona mtu asubuhi hii," Holmström aliendelea. "Hakupita wa miguu wala wa gari. Ndani walikuwa wawili. Mmoja amekufa. Hesabu hiyo hata mwanangu wa chekechea anaiweza."

Kaarina alikuwa ameketi jikoni.

"Jana mligombana?" Holmström aliuliza.

"Tuligombana. Mume na mke wasiogombana wako makaburini."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu hilo limfumo lake. Alilala nalo, akaamka nalo."

"Asubuhi ulisikia nini?"

"Greda. Halafu vishindo."

Holmström alicheka. "Greda? Bibi, mfumo haukutuma greda mtaa huu leo."

"Kwa hiyo nimesikia kwa masikio ya nani?"

"Utamwuliza wakili wako. Jioni unasomewa mashtaka ya mauaji." Akamfunga pingu.

Kaarina alimgeukia Saimi. Machozi yalikuwa yamekauka mashavuni. "Dada, wewe una macho yako mwenyewe. Usikubali nifungwe maisha kwa ushahidi wa taa ya barabarani."

Saimi aliwasubiri waondoke, akarudi ukumbini. Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa amepiga magoti kando ya mwili.

"Mapigo matatu," daktari alisema. "La kwanza lilitosha kumwua. Mawili ni hasira tu."

Kuzunguka mwili kulikuwa na alama za damu za soksi nzito za sufu. Nyayo kubwa.

"Mkuu anasema mke alivaa soksi za mumewe," daktari aliongeza.

"Mkuu anasema mengi."

Saimi alichutama kwenye mkeka wa mlangoni. Theluji iliyoyeyuka ilikuwa imeacha madimbwi mawili madogo, yenye umbo la mabuti, na ndani yake kokoto. Alinusa. Dizeli. Alishika viatu vya Henrik rafuni: vikavu. Vya Kaarina: vikavu.

Akatabasamu bila furaha. Mwuaji alikuwa amevua viatu! Aliyekuja kuua havui viatu. Huyu alikuja kuzungumza. Alibisha hodi, akakaribishwa, akavua mabuti yake kama alivyofundishwa na mama yake, kama kila mtu katika nchi hii afanyavyo hata akiingia kwa adui. Hasira ilimkuta akiwa na soksi.

Akatoka nje. Mitaa yote ya jirani ilikuwa imezama katika theluji iliyoanguka usiku, ila kinjia cha Palmroos kilikuwa kimekwanguliwa hadi barafu, toka barabarani mpaka mlangoni, na michirizi ya chuma ilikuwa mipya kabisa. Akapiga simu katika kituo cha kuendesha mfumo.

"Nguzo zenu zinahesabu magreda?"

"Zinayaona, lakini zinayaruka," kijana wa zamu alijibu. "Magreda ni yetu wenyewe. Tukiyahesabu tutaharibu takwimu."

"Kwa hiyo mtu akija na greda?"

"Kwa mfumo, hajaja."

Bohari la magreda lilikuwa kandokando ya ziwa. Madereva walikuwa wamekaa chumba cha mapumziko, kahawa mkononi, wanatupiana maneno. Saimi aliingia na askari wawili.

"Mabwana, vueni mabuti."

Vicheko vililipuka. "Inspekta, nikivua yangu utahitaji maiti nyingine ya kuchunguza," mmoja alisema.

"Ya huyo yatakamatwa kwa kosa la kuchafua hewa!" mwingine akadakia.

Wakavua. Soksi za kijivu, za bluu, zilizotoboka kidole gumba. Mtu mmoja tu hakuinama: mwanamume mpana mwenye ndevu nyeupe, Taisto Oravala, dereva wa miaka mingi. Wenzake wakaacha kucheka.

"Na wewe, mzee wangu," Saimi alisema.

Taisto aliweka kikombe chini taratibu. Akavua. Miguu ilikuwa mitupu, imegeuka rangi kwa baridi, na damu ilikuwa imekauka katikati ya vidole.

"Soksi zako ziko wapi?"

"Zililowa. Nilizitupa ziwani, kwenye shimo la wavuvi katika barafu."

"Zililowa nini?"

"Unajua nini."

"Mbona ulisafisha njia yake?"

"Jembe la greda lilikuwa chini. Sijui kupita juu ya theluji nikaiacha."

"Nieleze sababu, Taisto."

Sauti ilimtoka kama kitu kinachopasuka.

"Mwezi uliopita mke wangu, Marjukka, alishikwa na moyo nyumbani kwetu, mtaa wa Kelokuja. Ambulensi ikakwama kwenye theluji mwanzo wa barabara. Mimi nilikuwa ndani ya greda, Inspekta! Mama yangu akanipigia. Nikauliza kituo, niende? Wakaniambia fuata skrini. Skrini ikasema safisha njia ya baiskeli ya ufukweni. Nikafuata. Nikawafagilia wakimbiaji, mke wangu anakata roho!"

Taisto akajifuta uso kwa kiganja, akaendelea.

"Leo nilikwenda kumwomba Palmroos. Kuomba tu. Kelokuja ni ya wazee. Theluji ikijaa, hawatoki. Wasipotoka, nguzo hazioni mtu. Zisipoona mtu, greda haliji. Akanimiminia kahawa, akanionyesha simu yake. 'Tazama, Taisto, sifuri. Mfumo unasafisha njia za watu.' Watu! Nikamwuliza, na mama yangu ni nini? Akacheka, akidhani natania. Nikaenda mlangoni kuvaa mabuti. Akanifuata, bado anacheka. Mtaimbo ulikuwa umeegemea ukuta."

"Mkewe yuko mahabusu kwa ajili yako."

Taisto aliinua uso, ameduwaa. "Mkewe? Alikuwemo ndani? Mfungueni! Mfungueni sasa hivi, niandike chochote mnachotaka!"

Saimi alimpigia Holmström. "Mfungue pingu Kaarina Palmroos. Greda alilisikia kweli. Ninaye dereva wake, na amekiri."

Walimpa Taisto soksi za mwenzake, wakamfunga pingu, wakamtoa nje. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka tena, nzito, imenyooka. Akasimama kwenye mlango wa gari la polisi, akakataa kuingia.

"Mama yuko peke yake Kelokuja. Kuni ziko bandani, ng'ambo ya ua. Nilikuwa nikimsafishia kwa siri baada ya zamu. Kesho nani atapita?"

Askari mmoja alimsukuma begani. Saimi akamzuia kwa mkono, akasogea hadi uso kwa uso na mzee yule.

"Nitapita mimi, Taisto. Kwa miguu, na koleo langu begani. Nitakwenda na kurudi kila asubuhi, mpaka nguzo zao zinihesabu."