Piko ya Mzee Mwaringa

"Mzee aondoke leo—"

"Aende wapi, Karisa? Si babako huyu?"

"Mwanangu anaanguka, anatokwa na povu, na wewe wampaka mzee piko—"

"Nampaka wasimuue!"

Sidi alishika bakuli. Kila Jumamosi alizipaka nywele za baba yake piko nyeusi, maana hapo kijijini kwao, karibu na Marafa, mvi pekee zilitosha mtu kuitwa mchawi na kuuawa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vya fundi baiskeli. Alikuwa amechoka. Amechoka kupaka, kugombana na kaka yake Karisa, kulala jicho moja wazi. Mzee Mwaringa, baba yao, alikaa kwenye kigoda, piko ikimchuruzika shingoni.

"Hodi!" Mwanamke wa buibui akaingia uani. "Shikamoo, mzee. Naitwa Kaltuma, afisa wa ustawi wa jamii. Sidi ndiye aliyeniita."

"Umeleta unga?" Karisa akauliza.

"Unga sina. Wala mimi si polisi, wala si daktari."

"Sasa una nini?"

"Masikio. Nimesomea kazi hii chuoni. Nasikiliza watu walio taabuni, kisha nawafikisha penye msaada."

Akamsikiliza kila mmoja peke yake.

"Siri yako siitangazi," alimwambia Sidi. "Lakini maisha ya mtu yakiwa hatarini, sinyamazi. Na wewe, mwenzangu, walala kweli?"

Sidi akalia. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

Kwa Karisa, Kaltuma hakuzunguka. "Kumtishia mzee ni kosa la kisheria. Chifu nitamwambia leo. Na mwanao Pola kesho tunampeleka hospitali."

Hospitalini wakaambiwa Pola ana kifafa. Ni ugonjwa wa ubongo, si kurogwa. Akaanza kumeza vidonge. Kaltuma akarudi, akarudi tena, akakaa na majirani pamoja na chifu, mpaka Sidi akamtania, "Dada, tukujengee kibanda hapa?"

Pola akaacha kuanguka, akarudi shule. Karisa alianza tu kumpelekea baba yake chai, anaiweka chini, anaondoka haraka.

Jumamosi moja Kaltuma alikuwepo. Sidi, kwa mazoea, akakoroga piko. Mzee akalisukuma bakuli kando. Akamgeukia Karisa, aliyekuwa ameleta chai, akainamisha kichwa, shingo wazi.

"Karisa, lete wembe. Ninyoe wewe. Nataka mvi zangu."