Shahidi wa Bega la Shangazi

Katika jimbo zima la Wisconsin hapakuwa na shahidi wa kumfikia Kirsten Brekke. Ndivyo alivyojitangaza mwenyewe asubuhi hiyo, akimchana nywele Shangazi Marlys. Alimchana kila siku kabla ya kwenda shule, kwani shangazi hakuweza kuufikisha mkono wa kulia kichwani tangu alipochomwa sindano ya chanjo ya mafua juu mno, karibu na kiungo cha bega. Chanjo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali ilipochomwa. Shangazi aliacha kazi yake ya kuoka mikate, na sasa alikuwa akidai fidia.

Alasiri wakili wake, Bi Pruitt, alikuja kuandika maelezo ya familia. Jirani yao, Mzee Lund, naye alikuwepo, akila jibini ya kukaanga bila kukaribishwa na mtu.

Kirsten aliulizwa ameona nini. Akajiweka sawa, akaanza. Shangazi hawezi kuinua hata kijiko. Analishwa kama kifaranga. Tangu siku ile hajashika kitu kwa mkono wowote.

Wakili aliacha kuandika. "Mkono wowote?"

"Wowote, Bi Pruitt. Yupo yupo tu."

"Alhamisi alinifunga kwenye mchezo wa kuviringisha matufe," Mzee Lund alisema, mdomo umejaa. "Kwa mkono wa kushoto. Halafu akanicheka."

Shangazi alijifunika uso, kwa mkono huohuo wa kushoto.

"Sikiliza, binti," wakili alisema taratibu. "Wakikukamata na uongo mmoja, hata maumivu yake ya kweli hayataaminika. Atanyimwa haki yake kwa sababu ya mtu anayempenda. Ukweli wake unatosha, usiutie chumvi."

Masikio yakimwaka, Kirsten alianza upya. Alisimulia jinsi shangazi alivyorudi jioni ya sindano akashindwa kuvua sweta, yeye akamvua, na jinsi anavyomchana mpaka leo. Bi Pruitt aliandika yote. Habari ya sweta, alisema, ndiyo aliyokuwa akiitafuta, maana inaonyesha maumivu yalianza siku ileile. Shangazi akashusha pumzi.

"Mimi nilikusudia kusema kweli tangu mwanzo," Kirsten alisema. "Nilikuwa nawapima tu."

Mzee Lund alijilamba vidole. "Na asubuhi ulikuwa unampima nani, ulipokuwa ukijifunza kulia kwenye kioo cha gari langu? Nilikuwa ndani, mjukuu wangu."