Nusu Saa ya Mpira

Kila Ijumaa jioni, kabla ya kwenda masomo ya ziada, Nahodha alitega king'amuzi kimrekodie kipindi chake. Nyumbani walimpachika jina hilo kwa sababu ya "Walinzi wa Nyota ya Nane", tamthilia ya anga za mbali ambayo nahodha wake hamwamini mtu yeyote chomboni. Ijumaa hiyo ilikuwa sehemu ya mwisho. Msaliti angefichuliwa.

Alitupia jicho saa ya ukutani jikoni: saa kumi na moja kamili, wakati wa tamthilia kuanza. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaweka muda wa saa moja, akatoka mbio. Shuleni alikuta darasa bado limefungwa. Akashangaa mwalimu kuchelewa.

Aliporudi akawasha rekodi. Badala ya chombo cha angani, akaona mpira. Nusu saa nzima ya mpira! Kisha tamthilia ikaanza, nayo ikakatika katikati.

Kaka yake, Golikipa, alikuwa kwenye kochi akipangusa glovu zake.

"Umegusa rimoti," Nahodha alisema.

"Sijagusa."

"Mbona unatabasamu?"

"Kwani siku hizi kutabasamu ni kosa? We mtoto, hizo nyota zitakuharibu akili."

Nahodha akachukua daftari, akaandika: Anapenda mpira. Alibaki nyumbani peke yake. Rimoti ilikuwa chini ya jezi yake. Anatabasamu.

Mama yao, muuguzi, aliporudi kutoka kazini, alisomewa mistari yote minne.

"Ulimkuta na rimoti mkononi?" mama aliuliza.

Nahodha alisita. "Nilimkuta nayo, mama."

"Tulikubaliana, rekodi ya mwenzako haiguswi," mama alimwambia Golikipa. "Kesho huchezi."

Kesho ilikuwa fainali ya shule. Golikipa aliapa hakugusa kitu, lakini mama hakubadili neno.

Asubuhi Nahodha alitazama rekodi tena, polepole. Alama ya stesheni pembeni ilikuwa ile ile tangu mpira hadi tamthilia. Hakuna aliyebadilisha stesheni. Halafu, kabla tu ya tamthilia, mtangazaji akasema, "Sasa ni saa kumi na moja kamili."

Nahodha akainua macho kwenye saa ya jikoni. Mama alikuwa ameipeleka mbele nusu saa ili asichelewe zamu. Wote walijua. Juzi tu yeye mwenyewe alimcheka baba kwa kudanganywa nayo!

Angeweza kuifuta rekodi, mambo yakaishia hapo. Lakini chumbani Golikipa alikuwa anairudisha jezi kabatini.

"Mama," alisema, "rimoti haikuwa mkononi mwake. Nilidanganya. Na aliyekosea saa ni mimi."

Mama akaweka kikombe chini. "Kukosea saa si neno, hata baba yako imempata. Lakini ulisema umeona kitu ambacho hukukiona. Ukimshuku mtu, muulize, chunguza, subiri. Usizibe pengo kwa uongo, mwanangu, maana anayeumia ni mwenzako." Akageukia chumbani. "Golikipa! Vaa jezi, kimbia!"

"Nisamehe, kaka," Nahodha alisema.

Golikipa alisimama mlangoni, glovu kwapani. "Jana mimi niliitazama tamthilia yako mpaka mwisho. Ungeniuliza nimetazama nini, ningekwambia msaliti ni nani."

"Nani?"

"Nahodha mwenyewe!" Akatoka mbio.

Mama alicheka mpaka akashika meza. Nahodha alinuna kidogo, kisha akafungua daftari na kuikata mistari yote minne, mmoja baada ya mwingine.