Ruhusa Aliyoitoa Kidole

Kila akirudi kutoka shuleni, Kidole alivua sare, akafagia nywele zilizodondoka chini ya viti vya saluni ya mama yake, kisha akaosha vitana. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa jinsi kidole chake kilivyokimbia kwenye simu. Alikuwa na kazi nyingine ndogo: kumkumbusha mama dawa ya jioni. Hiyo ilikuwa siri yao wawili. Mama alikuwa na kifafa, na tangu aanze kumeza dawa ipasavyo hakuwahi kuanguka tena.

Lakini Kidole alichoka kukatizwa mchezo. Akaona amwachie kazi hiyo msaidizi wa akili mnemba aliyekuwemo kwenye simu ya mama. Msaidizi akauliza: "Unaniruhusu kusoma taarifa zote za afya kwenye programu ya kliniki?" Kidole hakufika hata mstari wa pili. Akabonyeza "Ruhusu", huyo, mbio kwa wenzake kuruka kamba.

Sasa, simu ile ilikuwa ya mama kwa jina tu. Saluni nzima iliitumia kupiga muziki na kuitania. Jumamosi moja watu wamejaa, mama ameshika pasi ya nywele ya moto, mteja mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hazimi, akaisogelea.

"Hebu wewe mjuaji, mimi nitaolewa lini?"

"Siwezi kujua hilo," simu ikajibu.

"Huna lolote! Basi tuambie, mbona fundi wetu siku hizi anapiga miayo kama mlinzi aliyekesha?"

"Kwa mujibu wa taarifa za kliniki," simu ikasema kwa upole ule ule, "dawa yake ya kifafa inaweza kuleta usingizi."

Kicheko kilikatika. Mteja aliyekuwa kitini akausukuma taratibu mkono wa mama, pasi ikae mbali na sikio lake.

"Dada, ngoja nitarudi," akasema, upande mmoja wa nywele umenyooka, mwingine bado. Hakurudi.

"Jamani, mie nilikuwa natania tu," Redio akasema. Jioni hiyo hiyo mtaa mzima ulikuwa na habari.

Kidole alizima sauti ya msaidizi, akajiambia yamekwisha. Akafyata mdomo. Viti vikabaki vitupu, siku baada ya siku, na mama akaamini amemjua aliyeitoa siri yake: nesi wa kliniki. Akamshika Kidole mkono mpaka kliniki, akamvaa nesi mbele ya wagonjwa.

"Nilikuletea ugonjwa wangu, wewe ukautia kwenye simu! Nimekukosea nini?"

"Dada, sijafanya hivyo," nesi akasema. Ndiye aliyemtunza mama tangu mwanzo.

"Mwongo mkubwa!"

Kidole akamvuta mkono. "Mama, acha. Nesi hajui kitu. Niliyeruhusu ni mimi."

Mama akakaa kwenye benchi.

"Lakini nilishazima," Kidole akalia.

Nesi akachukua simu. "Huyu msaidizi umemziba mdomo tu, mwanangu. Kusoma bado anasoma." Akamwonyesha penye mipangilio, kisha penye ruhusa. Safari hii Kidole alisoma kila mstari kwa sauti, mama akiitikia kwa kichwa, ndipo akabonyeza "Ondoa ruhusa".

"Bado," nesi akasema. "Aliyokwisha kuyahifadhi nayo yafutwe. Hapa."

Yakafutwa. Mama akasimama, akamwomba nesi radhi mbele ya wale wale waliomsikia akitukana. Nesi akasema, "Yameisha," lakini hakumtazama.

Nje ya lango mama akasimama. "Nisikilize. Ugonjwa wangu si aibu, lakini ni wangu. Habari za mwili wa mtu si zako kuzigawa, hata akiwa mama yako. Ukiombwa ruhusa, soma mpaka mwisho, na usipoelewa muulize mwenyewe. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kimya chako kimenifanya nimtukane mtu aliyeniinua."

"Nisamehe, mama. Wateja watarudi sasa?"

"Wengine labda. Simu tumeinyang'anya ruhusa, mwanangu. Yaliyoingia masikioni mwa watu hayana pa kubonyeza."