Baraka ya Mkono wa Mfalme

Emmot aliomba maji kwa Kifaransa. Mama yake, Avice, alikuwa akikoroga pombe ya shayiri pipani, akadhani masikio yamemdanganya. Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana wa ngomeni. Kwa wapika pombe kama wao kilisikika siku askari walipokuja kuwanyang'anya nguruwe, basi.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Maji, mama," Emmot akajibu kwa lugha ya nyumbani, akacheka.

Avice naye akacheka. Siku zile alikuwa na haki ya kucheka. Uvimbe uliomjaa mtoto shingoni na kutoa usaha mwaka mzima ulikuwa umenywea, na aliyeuponya ni mfalme mwenyewe. Walimwengu walimsema vibaya mfalme yule: kwamba alikipata kiti kwa damu ya mpwa wake, kwamba usiku hapati usingizi, kwamba hupiga mayowe katikati ya chakula, na kwamba ndiyo maana mabwana wamemwasi na mashamba yanateketea kila mavuno. Lakini mkono wa mfalme uliopakwa mafuta matakatifu huponya uvimbe wa shingo. Hilo hata mlevi wa kijiji alilijua. Na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mfalme alipopita mjini, Avice alimbeba mwanawe akapanga foleni mlangoni mwa kanisa. Wengine waliguswa wakapita. Kwa Emmot mkono ulikaa, ukakaa, hata mapadri wakatazamana. Ulipoondoka, mfalme alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Thurstan, mumewe Avice, ndiye aliyeanza kuisikia harufu, harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, nao hawakuwa na mshumaa nyumbani. Akamtania mkewe kwamba mtoto amerudi na uvundo wa kitajiri. Kisha pombe ikaanza kugeuka siki, pipa baada ya pipa, kuku wakakataa kupita karibu na kitanda cha Emmot, na asubuhi moja, jua limekwisha kutoka na majirani wanasalimiana njiani kama kawaida, Avice akamkuta mtoto ameketi kigodani, mgongo wima, mikono magotini, na kifuani mwake inatoka sauti ya mwanamume aliyechoka, Kifaransa kitupu, ilhali midomo yake imefumbwa.

Wakamwita Padri Osbert, aliyesomea kwa mabwana. Alikuja akisema mtoto ana homa tu, hawa wapika pombe nao kwa uzushi. Alipoisikiliza ile sauti, rangi ilimtoka.

"Inataja majina," akanong'ona. "Watu waliouawa ili mfalme atawale. Mmoja mmoja, na alivyokufa."

Hapo kengele za mjini zikaanza kulia. Jirani akachungulia dirishani, furaha tele, akataka pombe kwa sababu mfalme amepona: amelala fofofo, amecheka mezani, mabwana wameweka silaha chini. Ila ameapa hatagusa tena mgonjwa yeyote, maisha yake yote.

Avice akaukumbuka mkono ule uliokaa juu ya mwanawe, akaelewa. Alimshika padri kanzu akamsihi waende ngomeni, mfalme auchukue mzigo wake, yeye atalala langoni mpaka afunguliwe. Padri alisema atakayetamka neno hilo langoni atanyongwa, na mtoto pamoja naye.

Basi akainua msalaba, akanyunyiza maji ya baraka, akasoma sala ya kufukuza pepo, akairudia, sauti ikamkauka, akairudia tena huku nje watu wakiimba na kucheza kushangilia amani yao, na maji yale yakifika kwenye paji la Emmot yanakauka bila kutiririka, na harufu ya mshumaa inazidi hata Thurstan akatoka uani kutapika. Mwisho ile sauti ikaongea lugha ya nyumbani, polepole, wote waisikie.

"Usijichoshe, Padri. Kule ngomeni kila aliyenikaribia alikuwa na kisu." Macho ya mtoto yakageuka, yakamtafuta Avice. "Hapa nina mama."

Padri Osbert alikusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Avice alibaki amesimama. Alikuwa na hofu, tena hofu ya kutaka kukimbia asigeuke nyuma.

"Mama," Emmot akasema, kwa sauti yake mwenyewe, midomo imefumbwa. "Nasikia baridi. Nipakate."

Avice hakujua ni nani kati yao anayeomba. Akaketi, akampakata.