Mtu wa Tatu Kwenye Benchi

Fundi wa vielelezo vya majengo alikuta watu watatu kwenye benchi, na yeye alikuwa amebandika wawili tu.

Ufukwe mpya wa jiji, uliokuwa maghala mabovu na majalala, ulikaa mezani kwake kwa mfano mdogo, wote wa kadibodi: miti, taa, njia ya kutembea. Mumewe, msanifu majengo, ndiye aliyeuchora. Katika kila mradi wao fundi huweka mahali fulani vijitu viwili, yeye na mumewe, na kuvitia gundi isiyobanduka. Ndio utani wao tangu waoane.

Huyu wa tatu alikuwa mwanamke, nywele hadi miguuni, amelowa. Alikaa upande wa mume.

"Nani huyu?" aliuliza mume, akichukua kofia yake ya kazi.

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Anayeshinda ufukweni ni wewe."

Mume alicheka bila kumtazama machoni.

Fundi alimtupa yule mwanamke kwenye pipa la taka. Kesho yake amerudi, amesogea. Siku ya tatu amekiegemea kijitu cha mume begani, na shati la mume mwenyewe linanuka matope na asumini.

"Kuna mwanamke kule ufukweni, kwenye ngazi za zamani za kushukia majini," mume alinong'ona. "Anasema tumejenga barazani kwake. Mke wangu, wenzangu hawamwoni. Naogopa."

"Ni mzuri?"

Mume alivaa kofia yake, akaenda kazini.

Wivu ulimpanda fundi. Aliambiwa mtu anaogopa, yeye akasikia kimya tu. Alichukua wembe wa kukatia kadibodi, na ingawa chumba kilishaanza kunuka asumini, na matone yakisikika chini ya meza ambako hapakuwa na maji, na bahari ya plastiki ikitikisika bila upepo, aliupenyeza wembe chini ya kijitu cha mumewe, akaikata ile gundi, akakinyanyua.

"Haya, mwanamke wewe, tuone utamwegemea nani!"

Simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, anahema.

"Shemeji, tulikuwa tumekaa na mumeo kwenye benchi, sasa hivi tu. Nimegeuka, viatu vyake vipo, yeye hayupo!"

Fundi alifumbua kiganja. Badala ya kijitu cha mumewe, kilikuwa na maji matupu. Kwenye benchi la kadibodi kilibaki kijitu chake peke yake, kimegandishwa barabara.

Sauti ya kike ikamjia sikioni, ya upole kabisa.

"Ahsante, mke mwenza. Gundi yako ilinishinda."